Mtoto Aliyekataa Nasaha za Taifa

Palikuwa na nchi, na nchi yenyewe ipo mpaka leo, ila jina lake limenitoka na naomba mtu asinikumbushe. Ninachojua ni kwamba si ya kwetu, maana kwetu sisi mambo kama haya hayawezi kutokea.

Nchi nyingine zimejaliwa dhahabu, gesi na tembo. Nchi hiyo ilijaliwa ushauri. Kwenye sarafu zake hapakuwa na simba wala mwenge, palikuwa na kidole cha shahada kimeinuliwa juu, na chini yake maneno mawili: SIKIA UPONE. Ibara ya kwanza ya katiba ilisema kila raia ana haki ya kushauriwa, na ya pili ikaongeza kuwa hana haki ya kusema hapana. Ukishauriwa, hata kama umeshauriwa njiani na mtu usiyemjua, ulipaswa kupiga magoti kidogo, ukinge viganja viwili kama mtu anayepokea futari, useme, "Nimepokea, nitafuata." Mshauri naye alibanwa na sheria yake. Akiombwa aongeze, ni mwiko kukataa, kwani kisima hakikatai ndoo. Sheria hiyo haikuwahi kumsumbua mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba aongezewe.

Kutenda kulihesabiwa kuwa kazi ya watu wasiojiendeleza. Kila fundi aliyeonekana ana bidii alipandishwa cheo akawa mshauri. Bomba kubwa la maji lilipopasuka mbele ya ofisi ya posta, mafundi bomba wote walikuwa wameshakuwa Washauri wa Mabomba, wakaja na suti, wakasimama kuzunguka dimbwi, wakalishauri bomba kutwa nzima. Mzee mmoja muuza kashata alipita, akainama, akaifunga koki. Alikamatwa papo hapo kwa kosa la kutenda bila ushauri, na koki ikafunguliwa ili kazi iendelee kwa utaratibu. Bata walishaanza kutaga pale.

Aliyesimamia utajiri huo wote alikuwa Mheshimiwa Daktari Mabruki Chuma, Waziri wa Nasaha za Nyumbani. Kila alfajiri alisikika redioni katika kipindi chake, *Nyumba Yako, Akili Yangu*. Tusiwe wachoyo wa sifa: siku za mwanzo alisema ya maana. Chumvi ikizidi mchuzini, tia kiazi. Mikono ikinuka samaki, isugue kwa ndimu. Lakini kila alfajiri kuwe na jipya, na dunia ina ndimu chache. Taratibu akafika mahali pa kuwaambia wananchi kwamba aliyeungua asiungue tena, na kwamba nyumba isiyovuja haina haja ya kuzibwa. Watu walipiga magoti mbele ya redio, wakapokea.

Udaktari wake aliupata kwa kuandika juu ya namna ya kubeba mtoto mgongoni. Kitabu kilikuwa kinene, na kilibebwa na msaidizi. Mkoba wake ulibebwa na msaidizi mwingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kubeba kitu.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nyuma ya soko la ndizi, waliishi Mwanaidi na mumewe Sefu. Sefu alikuwa seremala, na alikuwa seremala mzuri, ndiyo maana wakubwa hawakumwacha. Walimpandisha akawa Mshauri wa Mbao Daraja la Tatu. Tangu siku hiyo nyundo yake ililala uvunguni. Mlango wa nyumba ulining'inia kwa bawaba moja, na kitanda cha mtoto alichokianza kabla ya cheo kilibaki na miguu mitatu, wa nne ukawa tofali. Kila jioni Sefu alisimama mbele ya mlango ule, mikono nyuma, akaushauri. Mlango ulizidi kulegea.

Mwanaidi alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Rajabu. Alikuwa mzima, ananyonya vizuri, anakojoa vizuri, ila jua la alasiri likianza kuinama alikunja miguu tumboni, akafunga ngumi, akalia mpaka paka wa jirani wakahama. Mkunga alimtazama, akampapasa tumbo, akasema mtoto hana ugonjwa, hilo ni chango tu, tumbo la watoto wachanga, litapita lenyewe. Amnyonyeshe, na akilia ambebe. Basi. Mkunga yule aliitwa wizarani kujieleza kwa nini ametoa ushauri mfupi kiasi kile, usio na utangulizi wala hitimisho.

Baada ya hapo walikuja wengine. Sheria ilikataza kumfungia mshauri mlango, na hata isingekataza, mlango wenyewe haukufungika. Mmoja alisema mtoto ana baridi, avikwe sweta. Aliyemfuata akasema ana joto, avuliwe. Mwanaidi, raia mwema, akamvika mkono mmoja. Mwingine alitaka kitanda kielekee kaskazini, mwenzake akataka kusini, basi kitanda kikawa kinazunguka mchana kutwa na tofali linakifuata nyuma. Mama mmoja mnene alimbandika Rajabu uzi uliolowa kwenye paji la uso ili kumkomesha kwikwi. Alipoambiwa hana kwikwi, alisema atakuwa nayo. Waliokuja na maji ya sukari, maji ya majivu na maji ya mzizi usiojulikana, hao Mwanaidi aliwapigia magoti, akakinga viganja, akapokea, halafu akaenda uani akamwagia mchicha. Mchicha ulikauka, mtoto akabaki salama.

Walikunywa chai, wakashauri, wakaondoka. Hakuna aliyesuuza kikombe. Nepi zilijaa beseni, zikapanda, zikaanza kumwagika. Kiongozi wa ugeni huo alikuwa Bi Hadia wa nyumba ya pili, Mshauri wa Mtaa, ambaye alikuja asubuhi, akarudi adhuhuri, na alasiri akaja kuona kama ya asubuhi yamefuatwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa peke yake miaka mingi, na ushauri ndio uliomfungulia milango ya watu.

Mwanaidi alichoka. Alichoka uchovu ule wa mtu kutia chumvi kwenye chai, akainywa, asijue. Siku moja alimwita mumewe kwa jina la muuza mkaa. Hakutaka hekima tena, alikuwa nayo ya kumtosha yeye na wajukuu. Alitaka mtu mmoja tu amshike mtoto, yeye alale.

*

Habari za Rajabu zilifika wizarani, kwani Bi Hadia alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. Wakubwa walikaa wakalipima jambo. Mtoto ameshauriwa na mtaa, na wilaya, na mkoa, na bado analia. Basi ama ushauri una kasoro, ama mtoto ana kasoro. Ushauri hauwezi kuwa na kasoro, maana ndio uchumi. Kwa hiyo ilitangazwa redioni, kwa sauti ya masikitiko, kwamba Rajabu bin Sefu, umri wake chini ya siku arobaini, ni mkaidi.

Amri ikafuata. Siku ya Sikukuu ya Nasaha, Mheshimiwa Waziri mwenyewe angefika nyumbani kwa mtoto huyo, amshauri mbele ya taifa. Ikiwa jua litazama mtoto akiwa bado analia, atapelekwa Nyumba ya Taifa ya Watoto Wasiosikia, akalelewe na wataalamu.

Kila mtu mtaani aliijua nyumba hiyo. Watoto waliotoka huko walikuwa na adabu ya kutisha. Hawakulia, hawakucheka, hawakuuliza kitu. Ukiwaita waliitika, ukiwaacha walisimama pale pale ulipowaacha.

Mwanaidi aliposikia, alimnyanyua mtoto kitandani. Alimkumbatia Rajabu mpaka mtoto akalalamika. Sefu naye aliingiwa na hofu, lakini alikuwa Daraja la Tatu, hakujua tena hofu inafanywaje. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akamshauri mkewe asiogope. Mwanaidi alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alitamani kumpiga na kitu.

*

Mwanaidi alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa somo wa mtaa mzima, akifunda wari kabla ya wizara kuzaliwa. Somo yule alikuwa na tabia moja: hakuwa msemaji. Mwari akikosea kukuna nazi, bibi hakumwambia, alimshika mkono juu ya mkono, wakakuna pamoja mpaka nazi ikaisha. Ukimletea maneno mengi alikusogezea mbuzi ya kukunia na kusema, "Hebu nionyeshe." Wengi walikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni.

Asubuhi moja, sikukuu ikiwa imekaribia, Bi Hadia alikuja akasimama juu ya beseni la nepi, akainua kidole. Alieleza kwa kirefu kwamba nepi za mtoto hulowekwa kwanza, kisha hufuliwa kwa maji moto, kisha husuuzwa mpaka maji yawe meupe, kwani sabuni ikibaki humchoma mtoto. Ilikuwa kweli yote. Mwanaidi akapiga magoti, akakinga viganja.

"Nimepokea, nitafuata," alisema. Halafu, sijui ni bibi yake aliyemsukuma au ni usingizi tu, akaongeza, "Ila kichwa changu kizito siku hizi, Bi Hadia. Naomba uongeze. Nionyeshe kidogo tu."

Bi Hadia alibaki na kidole juu. Miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumwomba aongeze. Kisima hakikatai ndoo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa. Nepi ya kwanza aliifua kwa aibu. Ya pili aliifua kwa hasira. Ilipofika katikati ya beseni alikuwa anaimba wimbo wa harusi, na Mwanaidi alikuwa amelala amekaa, kinywa wazi, Rajabu kifuani.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na utaratibu mpya. Aliyekuja kushauri juu ya uji aliombwa aonyeshe unavyokorogwa bila madonge. Aliyeshauri juu ya vumbi alionyeshwa ufagio ulipo. Mama mnene wa kwikwi aliombwa amshike mtoto, aonyeshe namna ya kuisubiri kwikwi, na akaisubiri kuanzia asubuhi mpaka muadhini alipowaita watu adhuhuri. Wale wa maji ya majivu, walipoombwa waonyeshe kwa kunywa wao kwanza, hawakuonekana tena. Foleni ya mlangoni ilipungua kwa namna ya ajabu, na waliobaki walikuwa wanajua kitu.

Aliyebaki hajaombwa ni Sefu. Jioni moja alisimama mbele ya mlango kama kawaida, akauambia kwamba bawaba ya juu ingefaa kusogezwa chini kidogo, pale mbao ilipo ngumu. Mwanaidi akamletea nyundo kutoka uvunguni, imejaa utando wa buibui.

"Baba Rajabu," alisema, "mimi sijui mbao ngumu iko wapi. Nionyeshe."

Sefu aliishika nyundo kama mtu aliyekutana na ndugu waliyegombana naye. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akapiga msumari mmoja. Mwanaidi aliona uso wa mumewe ukirudi, uso ule alioolewa nao, na alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Mlango ulipofungika, Sefu alichukua kipande cha mbao. Aliingia ndani akalitoa lile tofali chini ya kitanda.

*

Sikukuu ikafika. Mheshimiwa Daktari Mabruki alikuja alasiri na msafara wa magari, viti vya wageni, maturubai, matarumbeta, na mtangazaji wa redio aliyeeleza taifa zima kila kitu, hata ambacho hakikutokea. Wizara ilichagua alasiri kwa makusudi, ili taifa limsikie mkaidi akiwa katika ukaidi wake. Na Rajabu hakuiangusha. Matarumbeta yalipolia, akakunja miguu, akafunga ngumi, akayazidi sauti.

Waziri alimsogelea mtoto pale alipolazwa mkekani uani, akainua kidole.

"Ndugu Rajabu Sefu," alianza. "Katika wakati huu ambapo taifa letu linapiga hatua kubwa katika sekta ya nasaha, ni jambo la kusikitisha, na kwa hakika ni jambo la kusononesha, kuona kijana kama wewe, nguvu kazi ya kesho, akitumia mapafu aliyopewa bure kuirudisha nchi nyuma."

Kijana alizidi kuirudisha nchi nyuma. Waziri aliendelea. Alimweleza historia ya wizara, akamtajia mafanikio, akamwonya juu ya makundi mabaya. Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya soko. Nje ya uzio, gari jeupe la Nyumba ya Taifa lilikuwa limefunguliwa mlango wa nyuma, na mama mmoja mwenye glavu alikuwa ameketi ndani anasubiri. Mwanaidi alilitazama gari lile, akalitazama jua.

Hatimaye Waziri akafika kwenye taaluma yake. Alitangaza kwamba kosa ni la mama. Mtoto huyu habebwi kitaalamu. Mbeleko ipite chini ya kwapa, isimbane kifua, magoti ya mtoto yakumbatie kiuno, sikio lake liguse mgongo alale kwa kusikia moyo, na anayembeba atembee pole pole bila kusimama. Msaidizi alikiinua kile kitabu kinene, watu wakapiga makofi.

Mwanaidi alikuja mbele, akapiga magoti mpaka chini, akakinga viganja. Kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Nimepokea, Mheshimiwa, nitafuata," alisema, na sauti yake ilisikika redioni nchi nzima. "Ila kichwa changu kizito. Naomba uongeze. Nionyeshe."

Makofi yalikatika yenyewe. Waziri alimtazama msaidizi wa kitabu, ambaye alikitazama kitabu. Akamtazama msaidizi wa mkoba, ambaye aliukumbatia mkoba. Hakuweza kukataa: sheria ya kisima na ndoo aliitunga yeye, na taifa lilikuwa linasikiliza. Polepole, kama ng'ombe anayeingizwa joshoni, Mheshimiwa akageuka, akainama.

Mwanaidi alimweka Rajabu juu ya suti ile nyeusi, akampitishia kanga, akafunga fundo juu ya nishani. Kanga yenyewe iliandikwa MANENO MATAMU, MZIGO WANGU, lakini mtangazaji, kwa heshima, aliwasomea wasikilizaji rangi tu.

Waziri akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, na yule mama mnene alionekana kuridhika sana. Halafu kikaisha. Waziri alisimama kwa ushindi, akakohoa, akainua kidole. "Kama mnavyoshuhudia, ndugu wananchi," alisema, na Rajabu akalipuka upya. Waziri akafunga mdomo, akatembea. Kimya. Akafungua mdomo. Kilio. Mtu huyu alikuwa na elimu, jambo likimrudia mara kadhaa aling'amua. Akafumba mdomo wake, akazunguka uani, pole pole, jasho likimtiririka, na msafara wote nyuma yake kwa kufuata itifaki. Na kwa kuwa itifaki ilikataza mtu kusema kabla ya Waziri, hapana aliyesema.

Redio ya taifa ikarusha kimya. Watu majumbani waliigonga, wakaitingisha, wakabadili betri. Hawakuwa wamewahi kusikia kimya kutoka humo, wakaingiwa na wasiwasi, wakatoka nje, wasijue la kufanya. Na mtu asiyejua la kufanya hufanya. Mmoja aliziba paa lake. Mwingine alikwenda kumwona mama yake. Mbele ya posta Washauri wa Mabomba walitazamana, na mmoja wao, hakuna anayekubali kuwa ni yeye, aliinama akaifunga koki.

Jua likazama. Rajabu hakuwa analia. Mlango wa gari jeupe ulifungwa, gari likaondoka bila mtoto. Mwanaidi aliliona likipinda kona, na hapo alipokuwa, juu ya mkeka, akalala.

Waziri alizidi kuzunguka mpaka viatu vikaanza kumuuma. Mwishowe alinong'ona, na hilo lilikuwa swali la kwanza kutoka wizarani tangu nchi ipate uhuru.

"Nani anajua kumshusha mtoto bila kumwamsha?"

Uani kote vidole vilipanda juu, vya mtaa, vya wilaya, vya mkoa. Mwanaidi hakufungua macho. "Atuonyeshe," alisema kutoka usingizini. Vidole vikashuka, kimoja baada ya kingine, vikaingia mifukoni.

Mtu mmoja tu hakuwa ameinua kidole. Sefu alitoka mlangoni, akafungua fundo, akamteremsha mwanawe kutoka mgongoni mpaka kifuani pake, akaenda kumlaza kwenye kitanda cha miguu minne. Rajabu alivuta pumzi, akaendelea kulala.

*

Kesho yake wizara ilipiga marufuku. Ilitangazwa kwamba raia yeyote atakayemwomba mshauri aonyeshe atahesabiwa kuwa mkaidi, na tangazo likasomwa na mtu mwingine, maana Mheshimiwa alikuwa amelala kifudifudi, mgongo unamuuma. Bi Hadia alitumwa kulipeleka kwa Mwanaidi, asije akasema hakusikia. Akafika, akasimama mlangoni, akabisha, maana sasa mlango ulikuwa unabishika. Akaisoma amri yote. Mwanaidi akapiga magoti, akakinga viganja viwili.

"Nimepokea, nitafuata," alisema. "Ila unajua kichwa changu, Bi Hadia. Mtu anaishije bila kuonyeshwa? Hebu nionyeshe."

Bi Hadia aliikunja amri. Akachungulia nje kama kuna mtu. Kisha akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akavuta beseni la nepi.

Nami nimefika mwisho. Mwenye ushauri juu ya namna bora ya kuisimulia hadithi hii, nimeshapokea, nitafuata. Kigoda hiki hapa, akae.